Neno Alilolikisia Karani Ansgar

Mwaka ule wa hamsini na tatu waraka ulifika bomani Shinyanga kwamba wakalimani wote wa mahakama wafanye mtihani wa Kiingereza cha juu kabla ya Krismasi. Karani Ansgar alikuwa amekwisha timiza miaka arobaini na saba, na magoti yake yalilia kila aliponyanyuka kitini. Waraka haukuficha kitu: atakayefaulu atabaki kazini mwake, atakayeshindwa atapelekwa mnadani akaandike vibali vya ng'ombe. Pamoja nao ilikuja orodha ya maneno mia nne, yamepigwa taipu kwenye karatasi sita mbele na nyuma, na chini ya karatasi ya mwisho mtu alikuwa ameandika kwa kalamu kwamba hayo ni ya kuanzia tu.

Ansgar aliisoma orodha akiwa amesimama. Yapo maneno aliyoyajua vizuri. Yapo mengine aliyoyasikia mahakamani kwa miaka ishirini bila kuyaona yameandikwa, na sasa alipoyaona hakuyatambua. Lakini mengi yalimkodolea macho kama wageni waliokwisha kaa sebuleni kwake na yeye hajui jina la hata mmoja.

Alikuwa Msumbwa wa Ushirombo. Mapadre walimsomesha mpaka darasa la sita, wakamfundisha kuandika mwandiko mzuri na kuimba Kilatini. Kiingereza chake kilichobaki alikiokota kazini, neno leo neno kesho, kama kuku anavyookota punje uani. Kisukuma alikijua kama Kisumbwa chake, na ndiyo maana aliwekwa kati ya hakimu na watu. Kazi hiyo ilimlisha yeye, mkewe Febronia, na binti yao Serafina hata akaolewa.

"Kuna yule mwalimu wa Ngokolo," Febronia alimwambia jioni ile. "Philomena. Amesoma Tabora. Nenda akusaidie."

"Nikafundishwe na mtoto wa juzi?"

"Mtoto wa juzi anajua usichokijua. Au unataka kunuka ng'ombe mpaka uzee?"

Ansgar akaenda. Ikawa kila Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni anatoka bomani, anapita njia ya vumbi mpaka Ngokolo, anakaa barazani kwa Mwalimu Philomena juu ya kiti kilichokuwa kifupi mno kwa magoti yake. Philomena alikuwa na miaka ishirini na minne. Alimwamkia shikamoo kila alipofika, akamletea maji ya kunywa, halafu akafungua kamusi yake kubwa iliyoshonwa upya kwa uzi wa viatu, na kuanzia hapo hakuwa na huruma.

"Soma hili, Baba Serafina," alisema siku moja, akiweka ncha ya penseli chini ya neno.

"Leluctant," Ansgar alisoma.

"Reluctant. Ulimi uguse juu, kisha utetemeke."

"Mwalimu, ulimi huu umekwisha zeeka. Re-luctant. Haya, maana yake?"

"Mtu anayefanya jambo huku moyo hautaki. Hakatai, lakini hataki."

Ansgar alifikiri, kisha akaandika nyuma ya fomu kuukuu ya serikali. "Ng'ombe anayevutwa kwenda joshoni," alisema.

Philomena alicheka kidogo. "Hapo hapo. Ukiandika hivyo hutasahau. Linalofuata, inevitable. Jambo lisilo na budi kutokea. Kama, tuseme, mvua za vuli."

"Mvua? Shinyanga hii? Mwalimu, hilo neno halina undugu na mvua. Nitaandika kodi ya kichwa."

Ndivyo walivyokwenda, neno kwa neno. Mwezi wa nane ukaisha, wa tisa ukaingia na upepo wake mkavu. Ansgar alitembea akinong'ona maneno, hata watu waliokutana naye njiani wakadhani anasali rozari. Alipofika nyumbani alikuwa amechoka kuliko siku za ujana wake alipobeba matofali ya kanisa. Matofali ukiyapanga yanakaa. Maneno haya aliyapanga Jumanne, na Alhamisi akakuta nusu yake yameondoka. Mara mbili alisinzia barazani kwa Philomena, kidevu kifuani, na mwalimu akamwacha alale robo saa kabla ya kugonga meza kwa penseli.

Alhamisi ya kwanza ya Oktoba walikuwa wamefika karatasi ya tatu. Joto lilikuwa kali na Philomena alikuwa na sauti ya mtu aliyefundisha tangu asubuhi.

"Inadvertently," alisoma. "Hili unalijua?"

"Hilo nalijua," Ansgar alisema, akafurahi kidogo, maana katika karatasi ile nzima alikuwa amejua matatu tu. "Nimelitafsiri mahakamani."

"Maana yake?"

"Kufanya jambo waziwazi, kwa kusudi. Kama tangazo. Si matangazo ya gazetini wanayaita advert?"

Philomena alitikisa kichwa. "Linasikika hivyo, lakini sivyo. Ni kinyume chake. Ni kufanya jambo bila kukusudia, kwa kupitiwa tu. Umegonga kikombe cha mgeni kwa kiwiko, chai ikamwagika. Hiyo ndiyo."

"Angalia kamusi."

"Baba Serafina, nina hakika."

"Angalia, mwalimu."

Philomena akafunua kurasa, akapata mahali, akamgeuzia kitabu. Ansgar alivaa miwani. Alisoma mstari ule, akausoma tena. Halafu aliivua miwani, akaifuta kwa shati, akausoma mara ya tatu, na ilikuwa vile vile.

"Ulikuwa wapi ulipolitafsiri?" Philomena aliuliza.

 Ansgar alikuwa amekwisha ondoka pale barazani, ingawa mwili wake ulibaki umekaa. Alikuwa miaka tisa nyuma, katika boma la wilaya nyingine, upande wa ziwa, kabla hajahamishiwa Shinyanga. Kizimbani alisimama mkulima mmoja aliyeitwa Mageni, mtu mrefu wa kijiji cha Igwata. Mageni alikuwa amechoma majani shambani kwake mchana, upepo ukabadilika, moto ukavuka mpaka ukaingia katika ngitili ya jirani yake, yaani malisho yaliyofungwa kwa ajili ya kiangazi, na kutoka hapo ukashika nyumba. Ndani ya nyumba alikuwa amelala jirani mwenyewe, mzee Shilinde, aliyekuwa na mguu mbovu. Hakutoka. Na watu wote walijua kwamba Mageni na Shilinde walikuwa wamegombana mwaka mzima juu ya mpaka ule ule.

Hakimu alikuwa mgeni, hajamaliza hata miezi mitatu nchini, Kiswahili hana. Aliuliza maswali mengi, na Ansgar aliyatafsiri yote bila shida. Kisha akauliza swali moja: Je, uliuacha moto ule uvuke mpaka inadvertently?

Ansgar hakulijua neno. Alikumbuka vizuri jinsi lilivyompita sikioni, na jinsi kalamu ya hakimu ilivyosimama ikingoja. Ukumbi ulijaa watu, machifu wawili walikuwa mstari wa mbele, na yeye alikuwa amevaa koti jipya. Akakisia. Akamgeukia Mageni na kumwuliza kwa Kisukuma: Je, uliuacha moto uvuke mpaka waziwazi, kwa kusudi?

"Hapana," Mageni alisema.

"Hapana," Ansgar alimwambia hakimu kwa Kiingereza.

Hakimu alinyanyua kichwa. Akarudia swali, polepole, kama mtu anayempa mwenziwe nafasi. Ansgar naye akarudia. Mageni akajibu kwa nguvu zaidi, huku akijipiga kifua, kwamba hapana, hapana kabisa, ana hakika. Hakimu akaandika. Miaka saba.

"Baba Serafina?" Philomena aliita. "Nikuletee maji?"

"Tuishie hapa leo, mwalimu," Ansgar alisema. Akainuka. Magoti yalilia, naye hakuyasikia.

Siku zilizofuata alijaribu kujidanganya. Labda hakimu alitumia neno lingine. Labda kumbukumbu imechanganya kesi mbili. Kesi alizotafsiri zilikuwa mamia. Nani anaweza kuapa juu ya neno moja la miaka tisa? Akamwandikia barua Marcel, karani mwenzake wa zamani ambaye bado alikuwa katika boma lile la upande wa ziwa, akamwomba atafute jalada, anakili ukurasa wa maswali, na amwambie kama anajua Mageni yuko wapi. Hakumweleza sababu.

Jumamosi alikwenda kuungama. Padre alimsikiliza, akamwambia kwamba kosa lisilokusudiwa halina uzito wa dhambi ya makusudi, akampa malipizi madogo na kumwondolea dhambi. Febronia alimngoja nje ya kanisa.

"Basi umeungama," alimwambia njiani. "Inatosha. Usile moyo wako."

"Mungu nimemwambia, na Mungu alikuwa anajua," Ansgar alisema. "Asiyejua ni Mageni."

 Walitembea mpaka nyumbani, na chakula cha mchana Ansgar alikigusa tu.

Jibu la Marcel lilikuja baada ya wiki tatu. Alikuwa amenakili maswali kumi na manne, na la kumi na moja lilikuwa lile lile, na neno lilikuwa lile lile, na jibu chini yake lilikuwa hapana. Mageni alipunguziwa kifungo, akatoka gerezani mwaka wa arobaini na tisa, Marcel aliandika, hakukaa kwao. Watu wanasema yuko Geita mgodini.

Ansgar aliomba likizo ya siku kumi. Mkuu wake alimkumbusha kwamba mtihani uko karibu. Ansgar alisema anajua.

Alipanda gari moshi mpaka Mwanza, akavuka ghuba kwa kivuko, akapata lori la magunia ya mtama lililokuwa likielekea Geita. Dereva alimweka juu ya magunia. Vumbi jekundu lilimwingia masikioni na ndani ya kola, na kila lori lilipoingia shimoni mgongo wake ulipata habari. Katika mfuko wa koti alikuwa na ile orodha ya maneno. Aliichukua kwa mazoea tu. Hakuitoa hata mara moja.

Geita aliisikia kabla hajaiona. Mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu ulidunda bila kupumzika, na watu wa kambini walizungumza kwa sauti ya juu hata walipokuwa kimya moyoni. Walikuwa watu wa kila upande, Wasukuma na Waha na Wanyamwezi na Wazinza, Wakristo na Waislamu. Ansgar aliuliza, akaelekezwa kwa mwanamke anayeuza uji na mihogo ya kuchemsha karibu na njia ya wafanyakazi. Jina lake Mwamvua, mtu wa Kigoma, mpole, ushungi umefungwa nyuma.

"Mageni ni mume wangu," alisema. "Wewe ni nani kwake?"

"Tulikutana zamani. Mahakamani."

Mwamvua alimtazama koti, akamtazama viatu vyenye vumbi. "Ametoka zamu sasa hivi. Yuko nyuma ya nyumba."

Mageni alikuwa ameketi juu ya jiwe, anaosha miguu kwa maji ya kopo. Urefu wake ulikuwa pale pale lakini nyama zilikuwa zimeondoka, na nywele zake zilikuwa na mvi nyingi kuliko za Ansgar ingawa alikuwa mdogo wake. Kazi yake ilikuwa kusukuma vigari vya mawe chini ya ardhi. Ansgar alimsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila."

Mageni aliacha kuosha miguu. "Sauti hiyo naijua," alisema bila kuinua kichwa. "Wewe ndiye yule karani. Siku ile, ya yule mzungu sikuielewa, yako ndiyo niliyoisikia."

"Ni mimi."

"Kaa basi."

Hapakuwa na kiti. Ansgar alikaa chini, juu ya mchanga, na koti lake. Alikuwa amepanga maneno tangu Mwanza, yenye utangulizi na heshima, lakini yote yalimpotea. Akamweleza moja kwa moja, kwa Kisukuma, kuanzia neno alilolisikia mpaka kamusi ya Mwalimu Philomena. Mageni alisikiliza, mikono juu ya magoti.

"Sema tena," alisema mwishowe. "Aliniuliza nini?"

"Aliuliza kama moto ulikuponyoka bila kukusudia."

"Na wewe ukaniuliza nini?"

"Kama uliuachia kwa kusudi."

"Nikasema hapana."

"Ukasema hapana. Na yeye akasikia kwamba haukukuponyoka."

Mageni aligeuza kopo, maji yaliyobaki yakamwagika. Alikaa muda mrefu akiyatazama yanavyonywewa na mchanga.

"Unajua gerezani nilifikiri nini?" alisema. "Mwaka wa kwanza nilisema hakimu ni mtu mbaya. Wa pili nikasema ndugu yangu Luhende ndiye aliyenichongea. Wa tatu nikaanza kujichunguza mwenyewe. Shilinde nilimchukia, hilo kweli. Nikasema, watu waliosoma wamekaa, wamenisikia nikikataa mara mbili, na bado wameona kusudi ndani yangu. Basi labda limo. Labda mkono wangu ulijua jambo nisilolijua mimi. Nimelala na fikra hiyo mpaka leo umekuja."

"Nisamehe," Ansgar alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, mtambo ukaimeza, ikabidi aseme tena.

"Hilo tuliache kwanza." Mageni alivaa viatu vyake, polepole, mguu mmoja kisha wa pili. "Mama yangu alikufa akijua amezaa muuaji. Yeye humpati tena. Lakini Luhende yupo Igwata. Na Nyamizi, mjane wa Shilinde, yupo. Nenda ukawaambie kama ulivyoniambia mimi. Kwa Kisukuma. Usitie neno lako."

"Twende pamoja."

"Siendi. Nikienda na wewe watasema nimekununua."

Mwamvua aliwaletea uji. Alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni, ingawa Kisukuma chake kilikuwa cha sokoni. Alimpa mumewe bakuli kwanza, kisha akampa Ansgar la pili, na alipompa hakumtazama usoni.

Igwata ilikuwa safari ya siku moja na nusu, nusu kwa lori na nusu kwa miguu. Ansgar alifika saa nne asubuhi, jua tayari linachoma, akaonyeshwa mji wa Luhende. Luhende alikuwa mfupi, mwenye maneno machache. Alipoambiwa kwamba mgeni ametoka kwa Mageni, uso wake ulikunjamana. Lakini mgeni ni mgeni. Akampa kigoda na maji, na Ansgar alipoomba Nyamizi aitwe, akamtuma binti yake amwite.

Nyamizi alikuja akiwa na jembe begani, akaliweka chini, akakaa mbali kidogo. Ansgar alisimama. Kwa miaka ishirini alikuwa amesimama hivyo mbele za watu, akisema maneno ya wengine. Leo ndiyo mara ya kwanza kusema yake, na aliona ulimi unavyokuwa mzito mtu anapokosa pa kujificha. Akaeleza. Hakutia chumvi, hakupunguza.

Alipomaliza, kuku walisikika wakiparua nyuma ya ghala.

"Wewe ni mtu uliyesoma," Nyamizi alisema. "Neno hukulijua. Kwa nini hukuuliza?"

"Niliona haya, mama."

"Ungeuliza, hakimu angekupiga?"

"Hapana."

"Angekufukuza kazi?"

"Sidhani. Labda angenicheka."

"Angekucheka," Nyamizi alisema. Alilisema polepole, kama mtu anayeonja chakula asichokijua. Kisha akamgeukia Luhende. "Basi mume wangu alikufa kwa upepo. Miaka tisa nimemchukia ndugu yako, nikampita mama yako njiani bila kumwamkia mpaka tukamzika, na ulikuwa upepo."

 Nyamizi alichukua jembe lake, akaondoka. Hakumlaani Ansgar, hakumshukuru. Ansgar alibaki amesimama, hajui kama anaruhusiwa kukaa.

"Yeye mwenyewe yukoje?" Luhende aliuliza baadaye, akitazama pembeni. "Ana mvi?"

"Anazo. Nyingi."

"Baba yetu naye zilimwahi." Jua lilikuwa limepanda mpaka juu ya paa la ghala. "Huwezi kuondoka na jua hili," alisema. "Kaa kivulini mpaka lipungue."

Ansgar alirudi Shinyanga amechelewa siku mbili. Alikuwa na homa, na Febronia alimlaza, akamnywesha maji ya mwarobaini, akamwuliza swali moja tu: "Umemwambia?" Alipojibiwa kwamba ndiyo, akamfunika blanketi, akatoka.

Alipopata nguvu aliandika barua kwa wakubwa wa jimbo. Aliiandika kwa Kiingereza, mwenyewe, kwa mwandiko ule wa mapadre. Alieleza kesi, swali la kumi na moja, na kosa lake, akaomba hukumu iangaliwe upya na jina la Mageni lisafishwe. Alimpelekea Philomena aikague. Philomena aliisoma mara mbili, akasahihisha nukta mbili na herufi moja.

"Baba Serafina, ukiipeleka hii kabla ya mtihani, wanaweza wakakuondoa hata ukifaulu."

"Najua."

"Ungengoja Januari."

"Nimengoja miaka tisa, mwalimu, ingawa sikujua kwamba nangoja."

Philomena aliikunja barua, akamrudishia. Halafu akafungua karatasi ya nne ya maneno, maana mtihani ulikuwa umebaki wiki tatu na kazi ilikuwa pale pale. Hakuna aliyecheka tena barazani pale. Ansgar alijifunza kama mtu anayelima shamba lisilo lake. Kila neno sasa alilitazama kwa mashaka, akauliza mara mbili, mara tatu, hata yale aliyoyajua tangu ujana. Philomena alichoka, naye hakulificha hilo, lakini alijibu kila swali.

Mtihani ulifanyika Mwanza. Walikuwa kumi na wawili, na kumi na mmoja kati yao wangeweza kuwa wanawe. Ansgar aliandika saa tatu nzima, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi mpaka miguu ikakubali kumbeba. Matokeo yalikuja wiki moja kabla ya Krismasi: alikuwa amefaulu kwa alama tatu. Febronia alichinja jogoo. Ansgar alikula, akawashukuru waliokuja kumpongeza, na walipoondoka alikaa uani, viatu amevua, akitazama vumbi la njia. Alikuwa amepata kuendelea kukaa kwenye kiti kile kile alichokaa miaka ishirini. Hakusikia furaha, wala huzuni kubwa hakusikia. Alitaka kulala tu.

Jibu la wakubwa lilikuja mwishoni mwa Januari, ukurasa mmoja. Kulikuwa na maneno makubwa ndani yake, sita au saba, ambayo mwezi wa saba yangemfunga kinywa. Safari hii aliyajua yote. Walisema jambo hilo ni la kusikitisha. Walisema muda wa rufaa umekwisha pita, kifungo kimekwisha tumikiwa, na kwa hiyo hakuna cha kutengua. Walisema Karani Ansgar anaonywa kwa maandishi, na onyo litawekwa katika faili lake. Alisoma kutoka juu mpaka kwenye sahihi bila kufungua kamusi, akatafuta kama kuna mahali amekosea maana. Hakupapata.

Aliinakili barua ile kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, akaituma Geita kwa Mageni, maana aliona kwamba ni haki yake kuijua. Hakupata jibu, wala hakulitarajia.

Kazi iliendelea. Hakimu wa sasa alikuwa mwepesi wa hasira, na alipoona mkalimani anamsimamisha kumwuliza maana ya neno alipiga kalamu mezani. Ansgar aliuliza vile vile. Wapo makarani vijana waliomcheka kule nyuma, alisikia. Baada ya miezi michache waliacha.

Mwezi wa tatu, mvua zilipokuwa zimenyesha kwa namna yake Shinyanga, siku mbili ndiyo na tano hapana, Marcel aliandika tena. Alitoa habari za watu wa kazini, nani kahamishwa na nani kaoa, na mwishoni akaongeza mambo ya Igwata aliyoyasikia kwa wauza pamba. Luhende alifunga safari mwenyewe mpaka Geita, akalala kambini kwa nduguye usiku mmoja. Wakati wa kupalilia Mageni alirudi kwao kwa mara ya kwanza, yeye na mkewe. Alikaa siku kumi na moja. Shamba lake lilikuwa limekwisha gawiwa mtoto wa Luhende, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, na Mageni hakuwa na moyo wa kumtoa. Alimsaidia kupalilia, kisha akarudi mgodini. Siku anaondoka, Nyamizi alikutana naye njiani, akamwamkia. Hakusimama, Marcel aliandika, lakini alimwamkia.

Ansgar alimsomea Febronia mambo hayo jioni, wakiwa wamekaa mlangoni wanachambua mchicha.

"Mageni alipokuwa kwa ndugu yake, walikula pamoja?" Febronia aliuliza.

Ansgar alirudi kwenye barua, akatafuta mstari kwa mstari, miwani imeshuka puani.

"Marcel hakuandika," alisema.